Gari la Padri Halijui Safari

Cloonbeg, Roscommon
Jumapili, 3 Februari 2019

Dada Nuala,

Salamu zikufikie wewe na shemeji Trevor, na ziwakute mmekaa karibu na moto, maana huku baridi imetushika hadi kwenye meno. Hatujambo. Baba anakula na anabishana na redio, kwa hiyo mzima. Mimi niko vilevile, ila suruali zimeanza kunikana hadharani.

Usishangae kuona barua. Hapa nyumbani simu haishiki mtandao mpaka upande juu ya geti la ng'ombe, na ile ya mezani iko kando ya kiti cha Baba, ambaye masikio yake hayajazeeka hata kidogo. Na wewe simu yako, kama ulivyoniambia mwenyewe, hulala kwenye droo ya jikoni pamoja na uma. Basi turudi kwenye stempu, kama wachumba wa zamani.

Shida yangu ni gari. Kile kigari changu kimechoka, na Baba akikaa mbele magoti yanamgonga kidevu. Nataka gari kubwa, la dizeli, lililokwisha kutumika, lile la mabosi: viti vya ngozi, gia zinajibadilisha zenyewe, mlango ukiusukuma unafunga kwa adabu. Lakini mimi ni muuza nyama wa kaunta. Ng'ombe namjua akiwa vipande. Gari silijui likiwa zima wala likiwa vipande. Wewe umeendesha gereji na Trevor tangu nikiwa na nywele. Niambie nitazame nini nisije nikauziwa mbuzi kwenye gunia.

Usiniulize la nini.

Mdogo wako,
Colm


Leeds
Alhamisi, 14 Februari 2019

Mdogo wangu Colm,

Barua yako ilifika na alama ya kidole cha mafuta ya kondoo kwenye bahasha, nikakujua kabla sijasoma jina. Sisi wazima. Trevor mgongo unamsumbua lakini bado anaingia chini ya magari, anasema kule chini ndiko mahali pekee ambako simpati.

Sasa sikiliza. Nenda asubuhi, na kabla hujamsalimia mtu weka kiganja juu ya boneti. Ukikuta ni la moto, geuka, urudi siku nyingine. Dizeli likishapata joto huficha maradhi yake. Ukweli utausikia linapoamshwa usingizini. Likiamka simama nyuma. Moshi mweusi kidogo ukikanyagwa mafuta, si neno. Wa buluu, linakunywa oili. Mweupe usiokwisha hata likipata joto, aga uende. Ukisikia ndani ya injini kama mtu anatikisa sarafu kwenye kopo, huo ni mnyororo wake umelegea, na kuubadilisha utauza jokofu na nyama zake.

Chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa juu ya alama usifurahi kama mtu aliyepewa nyongeza ya nyama. Hiyo ni dizeli imevujia humo. Tazama kiti cha dereva, usukani, pedali. Mita ya kilomita hudanganya, makalio hayadanganyi.

Na la mwisho, ambalo watu wa huko hamtaki kulisikia: usiulize limetembea kiasi gani, uliza limetembea wapi. Kwenye bomba la moshi kuna chujio la kunasa masizi, na masizi hayo huungua gari likienda mbio kwa muda mrefu. Gari la mchuuzi anayekwenda Dublin na kurudi kila siku linajisafisha lenyewe. La bibi kizee wa kwenda dukani halipati joto. Linajaa masizi kama dohani isiyofagiliwa. Kwa dizeli, gari lililotulia ndilo gonjwa.

Hukusema la nini, na sikuulizi. Kuhusu Baba hukusema zaidi ya redio, na hilo pia sikuulizi.

Dada yako,
Nuala


Cloonbeg
Jumapili, 3 Machi 2019

Dada Nuala,

Natumai mgongo wa shemeji umenyooka. Sisi tu wazima, na Baba amejiandaa kwa Kwaresima kwa kutangaza kwamba ataacha sukari, jambo ambalo litatutesa wote isipokuwa sukari.

Nimekwenda Athlone kwa muuzaji mmoja, na Baba nyuma yangu kama mkaguzi. Niliweka kiganja juu ya boneti kabla ya salamu, kama ulivyoniagiza. Mwenye gari akaniuliza, "Bwana, unalinunua au unalibariki?" Mita ilisema gari changa; kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea kama kitanda cha hoteli ya bei nafuu. Nikamwambia makalio hayadanganyi. Akajitazama nyuma. Wakati huo Baba ameteremsha kioo cha kigari chetu, anapiga kelele uwanja mzima usikie: "Colm! Mtembeze kwanza! Usinunue mnyama aliyelala!" Unamjua. Kwake bado ni mnada wa ng'ombe.

Hatukununua. Lakini Mungu hamtupi mja wake: Padri Malachy anastaafu na anauza lake. Kubwa, jeusi, la ngozi, miaka tisa mikononi mwake na halijatembea kitu! Nyumba ya mapadri hadi kanisani, kanisani hadi makaburini. Parokia nzima inalimezea mate. Attracta, yule anayemtunzia nyumba, ameniahidi kwamba sisi ndio wa kwanza.

Sasa nakwambia la nini, maana kulificha kumeninyima raha, natembea jikoni huku na huku mpaka Baba ananiuliza kama nina minyoo.

Macho ya Baba yanaondoka, Nuala. Giza linamla kuanzia katikati. Pembeni bado anaona, kwa hiyo akitaka kukutazama anageuza kichwa kando kama kuku. Daktari wa Galway amesema tusitegemee kuwa Krismasi atakuwa anatofautisha nyuso. Ndege hapandi, anasema mwenye miguu hana haja ya mbawa. Basi nimefikiria feri, na gari ambalo mzee wa miaka themanini na nne anaweza kukaa ndani yake kutoka hapa hadi Leeds bila kufika amekunjika.

Najua siku ya mazishi ya Mama. Ukungu uliishusha ndege yako Shannon, na yeye hakukubali kukungoja hata saa moja. Ulifika tumeshafukia. Na lile neno alilokwambia kwenye geti la makaburi, kwamba hapa si stesheni, hatungojei abiria, nililisikia. Miaka kumi na mmoja imepita na bado nalisikia. Lakini hajaniuliza kitu chochote kuhusu safari, wala sijamwambia. Nakuuliza wewe kwanza. Nimlete?

Mdogo wako asiyetulia,
Colm


Leeds
Jumapili, 10 Machi 2019

Colm,

Wazima sisi. Natumai nanyi.

Barua yangu uliisoma, au uliifungia maini? Nilikuandikia waziwazi: dizeli lisilosafiri ni gonjwa. Sasa unaniambia umepata lililokwenda kanisani na kurudi kwa miaka tisa, na unashangilia! Chujio la gari hilo limejaa masizi kuliko toharani. Usilinunue. Upadri hauingii kwenye bomba la moshi.

Na la pili: usimlete. Macho yake yananiumiza, sisemi uongo. Lakini mimi nilitoka uwanja wa ndege Shannon kwa teksi, viatu mkononi kwa sababu kisigino kilivunjika, nikamkuta Mama yuko chini ya udongo na majirani wanapangusa mikono. Hakuweza kuningoja saa moja. Mimi nimngoje wa nini?

Tafuta gari la mchuuzi.

Dada yako,
Nuala


Cloonbeg
Jumapili, 10 Machi 2019

Dada Nuala,

Salamu kwenu, na furaha juu yake. Barua yako sijaiona, nadhani iko njiani, lakini siwezi kungoja: tumelinunua!

Tulifika nyumba ya mapadri baada ya misa. Attracta alikuwa amepika mkate wa magadi na kutandika kitambaa cha meza cha kuwapokelea maaskofu. Nje gari linanguruma pole pole. Padri akaniambia, "Nimeliwasha tangu misa ilipokwisha, Colm, usije ukakalia kiti cha baridi." Nikaweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa la moto kama chapati. Sasa, Nuala, mtu aliyemzika Mama yetu, utamwambia zima nirudi kesho?

Nikaomba kutazama kijiti cha oili. Akasema, "Fungua tu, mwanangu, mimi sijawahi." Nikajisikia kama nimemwomba afungue vifungo vya kanzu. Nikasema haina haja, Padri. Kulijaribu barabarani tulilijaribu: hadi makaburini na kurudi, yeye akiendesha, akisimama kumsalimia kila mwenye mbwa.

Baba ndiye aliyefunga biashara. Alitema mate kiganjani, kwa heshima, mate kidogo, akagonga mkono wa padri kama enzi za mnada. Kisha hakuuachia. "Padri, mnyama hatoki zizini mpaka muuzaji arudishe pesa ya bahati." Padri akacheka hadi miwani ikamteleza, akatoa noti ya hamsini. Nilinyoosha mkono. Baba akaikunja, akaitia kwenye mfuko wake wa shati.

Njiani alikuwa anapapasa ngozi ya kiti kwa kidole. Akaniuliza, "Magoti yangu yako wapi?" Nikamwambia yako mahali pake, Baba. Akasema, "Siku nyingi hatujaonana."

Nijibu lile swali langu.

Mdogo wako,
Colm


Cloonbeg
Jumapili, 7 Aprili 2019

Dada Nuala,

Salamu, ingawa sijui kama bado unazipokea. Mwezi huu mzima posta imeniletea bili na tangazo la madirisha tu. Barua yako ya tarehe kumi ilifika siku mbili baada ya yangu kuondoka. Zimepishana baharini bila kusalimiana. Niliisomea juu ya geti la ng'ombe, na nilipomaliza sikujua nishukie upande gani.

Cheka basi, haki unayo. Lilikwenda vizuri wiki ya kwanza. Wiki ya pili, kwenye kilima cha kuelekea Boyle, taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi na nguvu zikakatika, kama mtu aliyekumbuka jambo la huzuni. Tukapanda tukijikokota. Padraig Beirne alitupita na trekta la samadi, akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani kunisalimia. Kidole kimoja tu, Nuala, lakini hotuba nzima ilikuwemo. Mjini sasa wananiita Monsinyori, kana kwamba nimenunua na cheo cha upadri.

Fundi wa hapa anasema atalikata hilo chujio alitupe, aweke bomba tupu, na hakuna atakayejua. Nimemwambia nitamuuliza dada yangu. Akasema, "Mtu mzima, unamuuliza dada?" Nikamwambia ndiyo, na nisingekuwa naye ningekuwa mjinga zaidi.

Mimi sikai. Nafungua boneti, nafunga. Kazini nimempimia mama mmoja ulimi badala ya figo. Baba haulizi habari za gari. Jana alimimina chai kando ya kikombe, mezani, akaendelea kumimina hadi ikanifikia mapajani. Nilichukua kitambaa, naye akageuza kichwa kando akinitafuta, akasema, "Wewe na dada yako mna pua moja. Ya Mama yenu." Hajakutaja kwa miaka yote hii.

Andika. Hata matusi.

Mdogo wako,
Colm


Leeds
Jumatano, 17 Aprili 2019

Mdogo wangu,

Salamu. Mwambie huyo fundi akikata chujio nitakuja kumkata yeye. Ni kosa la sheria, na gari litanuka kama jehanamu kwenye kila ukaguzi.

Gari la padri halikufa. Limeziba tu, kwa sababu miaka tisa hakuna aliyelipeleka popote. Fanya hivi. Chomoa kile kijiti ulichokionea aibu. Oili iko juu ya alama, nakuapia bila kuiona. Imwage, weka mpya, na chujio la oili jipya. Jaza tangi. Kisha lipe barabara ndefu. Si ya kwenda Boyle kununua magazeti. Toka uende hadi barabara kuu ya Dublin, ushushe gia moja ili injini izunguke kwa nguvu, ushike mwendo na usisimame nusu saa nzima au zaidi. Litatoa harufu ya kuungua, usiogope, ndiyo masizi yanaondoka. Taa ikizimika, umepona. Ikibaki, piga simu gereji, nitamtoa Trevor chini.

Na jambo jingine: usiliache lingurume limesimama, kama alivyofanya padri wako kwa wema wake. Ukiwa unangoja mtu, zima injini.

Kuhusu lile jingine, sikusema ndiyo. Hapo penye chai nimeparudia mara nyingi, karatasi imeanza kuchanika.

Dada yako,
Nuala


Ujumbe wa simu
Jumamosi, 27 Aprili 2019, asubuhi

Dada, najua iko kwenye droo, lakini nitaandika. Oili ilikuwa juu ya alama upana wa kidole, usinikumbushe. Tumetoka mapema kulisafisha gari. Sikumwambia Baba zaidi ya kwamba linahitaji barabara ndefu. Akavaa suti ya mazishi na ya harusi, nikadhani ni kwa heshima ya gari.

Tulipita Athlone tukienda kasi, harufu ikaja kama mtu anaunguza godoro. Baba akasema, "Huyo ni padri anatoka." Karibu na Kinnegad taa ikazimika! Na nguvu, Nuala! Lilichomoka kama ndama aliyeona mlango wazi. Nimesimama kituo cha mafuta nikuandikie. Haya ndiyo mazungumzo, neno kwa neno:

"Baba, taa imezimika. Tugeuze."

"Nani kasema?"

"Nuala alisema nusu saa yatosha."

"Alisema ndefu. Hii ndiyo ndefu? Leeds je, ni ndefu?"

"Leeds kuna bahari katikati, Baba."

"Basi tutalipumzisha baharini. Mnyama akishasimama, Colm, usimlaze."

Nimefungua buti kutafuta maji ya kioo. Kuna begi lake. Pajama, wembe, kadi ya pensheni, na soksi zangu pia, ingawa si jozi.

Mdogo wako, Colm


Saa sita na nusu

Tuko ndani ya feri. Hajawahi kunywa chai ya bei hii na amewaarifu. Nimemwambia ukweli, kwamba hukusema ndiyo. Nimemwambia unaweza kutufungia mlango. Akasema, "Ana haki." Ile noti ya bahati ameitoa mfukoni, anaikunja na kuikunjua. Nilimuuliza kama ndiyo atalipia chai. Akasema si yake wala si yangu, ni ya aliyelikagua gari.

Colm, mdogo wako


Saa mbili kasoro, jioni

Nuala, tuko mlangoni pako. Gari halikukohoa hata mara moja, Wales nzima, milima yote.

Jirani yako wa mlango wa kijani ametuambia mmekwenda Scarborough kwa treni, kwa mama mkwe, na kwamba mtarudi leo, labda mapema, labda usiku wa manane. Kila nikikutumia ujumbe nasikia simu yako ikilia humo ndani, kwenye uma.

Mvua imeanza. Nimemwambia Baba twende tukatafute chakula na kitanda, turudi kesho asubuhi. Amekataa. Jirani amemkaribisha ndani kwenye moto, amemshukuru, amekataa. Amekaa kiti cha mbele, tai imenyooka, kichwa amekigeuza kando kama anavyofanya siku hizi, ili barabara ya kutokea stesheni iangukie pale ambapo macho yake bado yanaona.

"Baba," nimemwambia, "anaweza kuchelewa sana."

"Na achelewe," akasema. "Nitamngoja."

Nimezima injini.

Mdogo wako